Shajara ya pima: logi, kadi za SD na depo tatu za Lubumbashi

Jumatatu. Toleo 0.5.2-1, tulilolirithi

Kwa anayeingia leo: pima ni programu ndogo ya Python. Inasoma uzito kutoka mizani ya kielektroniki kupitia kebo ya USB, inaandika kila gunia kwenye hifadhidata ya SQLite, kisha inatoa risiti. Iko kwenye depo tatu za unga na mahindi: Ruashi, Katuba, na moja karibu na soko la Kenya (Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi). Kompyuta ni zile ndogo zisizo na feni, zina Debian 12 (mfumo wa Linux), na diski yao ni kadi ya SD ya GB 16. Programu inasambazwa kama kifurushi cha .deb, na tangu aliyekitengeneza aondoke, kifurushi hicho ni chetu, mimi na yaya, yaani ndugu yangu mkubwa.

Asubuhi depo ya Ruashi ilisimama. Mama mwenye depo akapiga simu: "Papa, mashini inasoma kilo vizuri, lakini karatasi haitoki. Watu wamejaa hapa." Nilipoingia kwa mbali nikakuta SQLite inalalamika `database or disk is full`. Amri ya `df -h`, inayoonyesha nafasi ya diski iliyotumika, ikaonyesha asilimia 100. Nikaita `du -sh /var/log`, inayojumlisha ukubwa wa mafaili ya logi (kumbukumbu za programu), nikitarajia kumkuta mwizi pale, ikajibu MB 200 na kidogo. Nikapima kadi nzima, saraka kwa saraka, na jumla haikufika hata nusu ya GB 16.

`df` na `du` zikitofautiana kiasi hicho, kuna faili lililofutwa huku programu bado imelishika. Linux haiachii nafasi ya faili kwa sababu tu jina lake limeondolewa. Inasubiri mpaka wa mwisho aliyelifungua alifunge. Amri ya kuyafichua ni moja:

```
lsof +L1
```

Likatokea hapo: `/var/log/pima/pima.log.1 (deleted)`, karibu GB 10, limeshikwa na pima yenyewe. Nikaita `systemctl restart pima`, nafasi ikarudi papo hapo na risiti zikaanza kutoka.

Jioni nilifungua `/etc/logrotate.d/pima` ya toleo hili la zamani, yaani maagizo ya logrotate, programu inayozungusha logi: inaweka faili la zamani pembeni na kuanza jipya. Ina `daily`, `rotate 2`, `compress`, `notifempty`, `create`, basi. Hakuna mstari unaoiambia pima kwamba faili limebadilishwa. Kwa hiyo usiku wa kwanza logrotate ilibadilisha jina la `pima.log` kuwa `pima.log.1`, ikaunda `pima.log` jipya tupu, ikalibana lile la `.1` kuwa `.gz`, kisha ikafuta asili yake. Pima haikujua lolote. Iliendelea kuandika kwenye faili lisilo na jina tena. Lile jipya likabaki na baiti sifuri, na kwa kuwa `notifempty` inasema tupu lisizungushwe, logrotate ikalipita kila usiku, kwa haki kabisa.

Mizani yenyewe inatuma uzito kama mara kumi kwa sekunde, hata ikiwa tupu, na toleo hili linaandika kila usomaji kwenye logi. Mstari wa baiti 120 mara kumi kwa sekunde ni kama MB 100 kwa siku. Fanya hesabu ya miezi mitatu na kitu, unafika GB 10.

Kinachochekesha ni Katuba. Kule umeme unakatika karibu kila siku, na kadi yao haijawahi kujaa. Kila umeme unapokatika pima inakufa, na kompyuta inapowaka tena ext4 (mfumo wa mafaili wa kadi) inapitia orodha yake ya mafaili yatima na kurudisha nafasi yao. Ruashi wana paneli za jua na betri nzuri, kompyuta haizimiki, na ndio walioumia. Mwenye umeme mzuri ndiye aliyejaza kadi.

Jumanne. Nani anaandika nini

Kabla ya kugusa logrotate tumekaa na yaya kuamua swali la kwanza: kwa nini pima ina faili lake la logi?

Yaya anataka kila kitu kiende kwenye faili moja. "Mdogo wangu, kwa depo hakuna mtu anayejua journalctl." Hiyo ni amri ya kusoma jarida la mfumo. Nikamjibu kwamba hakuna anayejua `tail -f` ya kusoma faili pia, wanajua namba yangu ya simu. Tukacheka, lakini hoja ilikuwa ya kweli kwa pande zote mbili, maana ukiangalia vizuri, ndani ya lile faili kulikuwa na vitu viwili vilivyochanganywa. Kuna maneno ya programu yenyewe: imeanza, kebo imechomoka, printa haina karatasi, hifadhidata imegoma. Na kuna rekodi ya mapimo: saa, namba ya risiti, kilo, jina la aliyekuwa zamu. Rekodi hiyo mhasibu huja kuichukua kwa flashi mwisho wa mwezi ili kuilinganisha na daftari.

Maneno ya programu yanahamia jarida la systemd, programu inayoendesha huduma zote za Linux. Pima itaandika kwenye pato la kawaida tu, na journald, sehemu ya systemd inayotunza jarida, itafanya mengine. Tangu Debian 11 jarida linahifadhiwa kwenye diski bila kuulizwa, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, rsyslog, iliyokuwa ikiandika `/var/log/syslog`, haiji tena na usakinishaji wa kawaida. Kifurushi kinachodhani `/var/log/syslog` ipo kinadhani vibaya. Halafu journald inajiwekea mpaka: kama hukuibadilisha, haitumii zaidi ya asilimia 10 ya mfumo wa mafaili, na haivuki GB 4 hata diski iwe kubwa namna gani. Kwa kadi zetu ni kama GB 1.5. Logrotate haina kazi hapo, na kila mstari wa mipangilio ninaoweza kuukwepa nitaukwepa.

Uzito wa ujumbe hauhitaji maktaba ya ziada. Ukianza mstari kwa `<3>` systemd inaelewa kuwa ni kosa, `<4>` ni onyo, `<6>` ni taarifa. Kosa la hifadhidata tumelipa `<2>` kwa makusudi: journald huandika jarida kwenye diski kila baada ya dakika 5, isipokuwa ujumbe wa ngazi hiyo na zilizo juu yake, ambao huandikwa mara moja. Mahali ambapo umeme unaweza kuondoka wakati wowote, dakika 5 ni nyingi.

Usomaji wa mara kumi kwa sekunde umezimwa. Anayetaka kuuona atauwasha kwa mkono siku ya kutafuta tatizo.

Rekodi ya mapimo inabaki faili, `/var/log/pima/mapimo.log`, na hiyo ndiyo itakayozungushwa.

Jumatano. Mzungusho wenyewe

Yaya alileta pendekezo la `copytruncate`, na naelewa kwa nini: unaongeza neno moja, programu haihitaji kujua kitu. Logrotate inanakili faili, kisha inalikata la asili hadi sifuri. Tatizo la kwanza ni ule mwanya kati ya kunakili na kukata. Mstari ulioandikwa hapo unapotea, na kwetu mstari ni gunia la mtu. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kama programu haikufungua faili kwa hali ya kuongezea mwishoni, `O_APPEND`, inakumbuka ilipofika. Faili likikatwa, inaendelea kuandika palepale kwenye baiti ya milioni tano, na mbele yake kunabaki shimo la baiti sifuri. Nilimwonyesha kwenye kompyuta yangu kwa skripti ya mistari sita: `ls -l` inasema MB 5, `du` inasema KB 4, na `grep` inakataa kuonyesha mistari ikidai faili si la maandishi. Mhasibu akipewa hilo kwenye flashi atarudi na maswali.

Njia tuliyochukua iko ndani ya Python yenyewe. Kuna `WatchedFileHandler` kwenye `logging.handlers`. Kabla ya kila mstari inaangalia kama jina lile bado linaelekeza kwenye faili lilelile, kwa kulinganisha namba ya kifaa na ya inodi (namba inayotambulisha faili kwenye diski). Kama limebadilishwa, inafunga la zamani na kufungua jipya. Hakuna ishara ya kutuma, hakuna `postrotate` (amri za kuendeshwa baada ya mzungusho). Ile nyingine, `RotatingFileHandler`, inazungusha yenyewe. Ukiiweka pamoja na logrotate unapata mabwana wawili juu ya faili moja, na majina ya `.1` na `.2` yanaanza kugombana.

Faili la `debian/pima.logrotate` sasa ni hili:

```
/var/log/pima/mapimo.log {
    su pima adm
    weekly
    maxsize 20M
    rotate 60
    missingok
    notifempty
    compress
    delaycompress
    create 0640 pima adm
}
```

Ukiliita hivyo, `dh_installlogrotate`, moja ya amri za kujenga kifurushi, inalichukua na kulipeleka `/etc/logrotate.d/pima` bila kuandika kitu kwenye `debian/rules`.

`rotate 60` kwa wiki ni mwaka mmoja na ziada, muda ambao mhasibu aliuomba. Depo ikipima magunia mia chache kwa siku, faili halifiki hata MB 1 kwa wiki, kwa hiyo `maxsize` ni kinga tu ya siku programu itakapochanganyikiwa. Nimeandika `maxsize` na si `size`, kwa sababu `size` inaondoa kabisa hesabu ya wiki na kubakiza ukubwa peke yake. Na yote mawili yanaangaliwa pale logrotate inapoendeshwa, yaani mara moja kwa siku. Programu ikiamua kuandika GB 5 mchana mmoja, hakuna neno ndani ya faili hili litakaloizuia.

`delaycompress` inaacha faili la wiki iliyopita bila kubanwa hadi mzunguko unaofuata. Kati ya pima kuangalia inodi na kuandika kuna mwanya mdogo sana, na mstari ukidondoka humo utaingia kwenye `.1` ambalo bado ni maandishi ya kawaida. Hautapotea.

`su` nimeiweka kwa sababu ya usalama. Saraka ambayo mtumiaji asiye root (msimamizi mwenye uwezo wote) anaweza kuandika ndani yake, huku root akiingia humo kila usiku kubadilisha majina na kuunda mafaili, ni mlango. Mwaka 2016 kifurushi cha nginx cha Debian chenyewe kilikutwa na jambo la jamii hiyo, CVE-2016-1247: saraka ya logi ilikuwa ya `www-data`, na aliyeshika akaunti hiyo angeweza kuweka kiungo mahali pa faili la logi na kupanda hadi root. Kwa `su pima adm` logrotate inavua uwezo wa root kabla ya kugusa chochote humo.

Saraka tunaiunda kwenye `postinst`, skripti inayoendeshwa kifurushi kinaposakinishwa:

```
install -d -o pima -g adm -m 2750 /var/log/pima
```

Ile 2 ya mwanzo inafanya mafaili mapya yachukue kundi la `adm`, ambalo kwa desturi ya Debian ndilo linaloruhusiwa kusoma logi. Nilifikiria `LogsDirectory=pima` kwenye faili la huduma, ni fupi na safi, lakini systemd ingeipa saraka kundi la huduma yenyewe. Kupata `adm` ningelazimika kuiendesha pima ndani ya `adm`, na hapo ingeweza kusoma logi za kila mwenzake. Hapana. Kwa kuwa tunatumia `ProtectSystem=strict`, inayoizuia pima kuandika kwenye diski, tumeongeza `ReadWritePaths=/var/log/pima`.

Jambo moja limemsumbua yaya mchana mzima. Aliweka kifurushi, akaita logrotate kwa mkono, na haikuzungusha chochote. Ndivyo ilivyo: faili ikiliona kwa mara ya kwanza, logrotate inaandika tarehe ya leo kwenye `/var/lib/logrotate/status` na kuanza kuhesabu kutoka hapo. Kwa majaribio tumia `-f` pamoja na faili la hali la pembeni, ili usichafue la mfumo:

```
logrotate -v -f -s /tmp/hali /etc/logrotate.d/pima
```

Ukitaka kuona tu ingefanya nini, `-d`, haibadilishi kitu.

Ijumaa. Umeme na saa

Logrotate kwenye Debian inaamshwa na `logrotate.timer`, mara moja kwa siku, usiku. Depo yetu moja huzima kila kitu jioni. Hii haina shida, kwa sababu taima ina `Persistent=true`: kompyuta ikiwa ilikuwa imezimwa saa ile, kazi inafanyika ikiwaka.

Saa ndiyo yenye shida. Hizi kompyuta hazina betri ya saa. Zikiwaka, systemd-timesyncd inarudisha muda wa mwisho uliohifadhiwa, kisha inasubiri mtandao uirekebishe. Mtandao usipokuja, kompyuta inaishi jana. Katuba nimekuta rekodi za siku mbili tofauti zina tarehe moja. Wiki ya logrotate nayo inarefuka, kwa kuwa inahesabu tarehe za kompyuta. Na mtu akikosea kuiweka saa mbele kwa mkono, kisha ikarudi sawa, logrotate itasema faili lilizungushwa wakati ujao na kulizungusha kwa nguvu.

Hakuna kifurushi kinachoweza kutibu hilo. Tumeagiza vipande vidogo vya saa, DS3231, vyenye betri ya kidonge.

Nilipokuwa huko nikaona risiti zote ziko saa moja nyuma. Kadi zilinakiliwa kutoka kwenye moja iliyowekwa `Africa/Kinshasa`, ambayo ni UTC+1. Sisi ni `Africa/Lubumbashi`, UTC+2. Nchi moja, saa mbili. Mteja aliyepima saa nane mchana ana karatasi ya saa saba, na ukitokea ugomvi kuhusu nani alikuwa zamu, karatasi hiyo inamtaja mtu mwingine. Saa ya eneo si kazi ya kifurushi cha pima kuibadilisha, hiyo tumeirekebisha kwa `timedatectl`. Lakini `mapimo.log` sasa inaandika muda pamoja na `+02:00` mwishoni, ili anayesoma ajue saa hiyo ni ya wapi.

Pia kila mstari wa gunia unafuatwa na `fsync`, amri inayolazimisha data iandikwe kwenye kadi mara moja. Kadi za SD hazipendi, lakini kati ya gunia na gunia kuna sekunde nyingi za mtu kubeba mgongoni.

Jumatatu. Kuondoa na kufuta

Sehemu hii wengi huiruka. Faili la `/etc/logrotate.d/pima` ni la mipangilio, kwa hiyo `apt remove` inaliacha. Linaondoka kwa `purge` tu, yaani kufuta kabisa. Maana yake ni kwamba pima ikiondolewa leo, logrotate itaendelea kusoma maagizo yake kila siku. Yasiyo na `missingok` yatapiga kelele logi zisipokuwepo. Yenye `postrotate` inayoita huduma iliyoondolewa yatapiga kelele pia. Na kwa kuwa sisi tuna `su pima adm`, mtumiaji `pima` akifutwa wakati wa `remove`, logrotate itasema haimjui. Tumemwacha mtumiaji huyo abaki. Hana nenosiri wala mahali pa kuingilia.

Sera ya Debian, sehemu ya 10.8, iko wazi: logi zifutwe wakati wa `purge`, zisiguswe wakati wa `remove`. Kwenye `postrm`, skripti ya wakati wa kuondoa:

```
if [ "$1" = purge ]; then
    rm -rf /var/log/pima
fi
```

Yaya aliposoma `rm -rf` alishika kichwa, maana humo mna rekodi za mwaka mzima. Ana haki ya kuogopa, lakini chanzo cha rekodi ni SQLite iliyo `/var/lib/pima`, na hiyo `purge` yetu haiigusi. Tumeongeza amri ya `pima toa --tangu`, inayotengeneza upya faili la mapimo kutoka hifadhidata. Logi ikiwa nakala pekee ya kitu cha thamani, basi kitu hicho kimewekwa mahali pasipo pake.

Kuna pia mabaki ya 0.5. Mipangilio mipya haitaji tena `pima.log`, kwa hiyo faili la zamani lingekaa pale milele bila mzungushaji. `postinst` inalinganisha toleo lililotangulia na 0.6 kwa `dpkg --compare-versions` (dpkg ndiyo inayosakinisha vifurushi) na kuyaondoa mara moja.

Piuparts, chombo cha kujaribu vifurushi vya Debian, imepita. Inasakinisha, inaondoa, inafuta, kisha inatafuta kilichosahaulika. Na kati ya kuondoa na kufuta inaendesha faili letu la logrotate kuona kama linatoa kelele. Limenyamaza.

Alhamisi. Toleo 0.6.0-2

Ruashi na Katuba zina toleo jipya. Kule Katuba logrotate ilikataa kuzungusha: `Ignoring pima because it is writable by group or others`. Mtu alikuwa amelifungulia faili ruhusa za 777 wakati fulani, na logrotate haisomi mipangilio ambayo yeyote anaweza kuiandika. `chmod 644`, ikaisha. Tulikuwa tumesasisha kwa `--force-confdef --force-confold`, ili dpkg isisimame kuuliza swali mahali pasipo na mtu wa kulijibu. Tatizo ni kwamba palipokuwa na faili lililohaririwa kwa mkono, la zamani ndilo lililobaki, na jipya likawekwa pembeni kama `pima.dpkg-dist`. Logrotate hairuhusu majina yenye mwisho huo, kwa hiyo hayasomwi mawili kwa pamoja, lakini ilinibidi nilibadilishe mwenyewe.

Yaya alitaka kifurushi kiweke pia `SystemMaxUse=200M` chini ya `/etc/systemd/journald.conf.d/`. Nimekataa kwa pima: jarida ni la kompyuta nzima, na kifurushi cha mizani hakina ruhusa ya kuamua SSH ikumbukwe kwa siku ngapi. Mpangilio huo unaenda kwenye kifurushi kingine, `depo-msingi`, pamoja na saa ya eneo na DS3231.

Depo ya soko la Kenya inabaki na 0.5.2 mpaka mhasibu afunge hesabu za mwezi. Hadi hapo nimeiwekea taima inayoiwasha pima upya kila Jumapili usiku, ili lile faili lisilo na jina lisizidi wiki moja.